Chambo cha Mpira, Si Moshi wa Plastiki

  Ndugu zetu wa Kyavinyonge na Vitshumbi, saa hizi wengine wanashona nyavu na wengine wanasukuma mitumbwi kuingia Ziwa Edward. Mazungumzo ya leo ni yenu ninyi wavuvi, lakini ni ya mama anayenunua samaki sokoni pia, na ya mzazi yeyote mwenye watoto wanaocheza karibu na mbabula ya makaa.

Tunazungumza juu ya chambo. Mnyoo tunaujua, na samaki mdogo wa kuchomekwa kwenye ndoano tunamjua. Leo nataka tuangalie chambo bandia, kile chambo laini chenye mkia unaochezacheza majini, ambacho mtu anaweza kujitengenezea nyumbani. Vijana wengi wamekiona kwenye simu: mtu anapasha moto uji mzito wenye rangi, anaumimina kwenye kalibu, anasubiri kidogo, kisha anatoa kisamaki kinacholegea mkononi. Nao wanauliza: je, sisi hatuwezi?

Tunaweza. Tena tunaweza kwa vitu vilivyopo hapahapa Butembo na Beni. Ila neno langu la leo ni moja, nalo naomba mlishike tangu sasa: kifaa cha kuvulia kinachotengenezwa nyumbani ni kizuri pale tu kinapoiacha nyumba salama na ziwa likiwa na samaki wake. Kikivunja mojawapo ya hayo mawili, heri kisitengenezwe.

Kabla ya kufika kwenye ufundi, tukumbuke kwamba kujitengenezea zana za uvuvi ni kazi ya kale katika nchi yetu. Pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mtaalamu wa Ubelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akakuta vyusa vya mfupa vilivyochongwa meno ubavuni. Hapo ndipo ulipopatikana pia ule mfupa wa Ishango wenye alama za kuhesabia, wa miaka karibu 20,000, ambao leo umehifadhiwa Brussels. Baadaye, chini kidogo ya mto, mahali paitwapo Katanda, watafiti Alison Brooks na John Yellen walikuta vyusa vingine vya mfupa pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Mwaka 1995 walitangaza kwamba vyusa hivyo vina umri wa miaka kama 90,000. Wako wataalamu wanaobishania umri huo, na mabishano ni haki yao. Lakini hakuna anayebisha kwamba mtu wa kando ya Semliki aliketi chini, akachukua mfupa, akauchonga kwa subira mpaka ukamshika kambare. Kwa hiyo, kijana wangu wa Kyavinyonge, usidhani ufundi huu ni lazima utoke ng'ambo ndani ya katoni.

Chambo laini cha plastiki chenyewe kilianzia jikoni. Mwaka 1949, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, bwana mmoja aitwaye Nick Creme na mkewe Cosma walitengeneza mnyoo wa plastiki uliolegea kama mnyoo wa kweli, wakaanza kuuza. Akron ulikuwa mji wa viwanda vya mpira na matairi. Kutoka hapo biashara hiyo ikaenea dunia nzima.

Sasa sikilizeni namna kinavyotengenezwa, maana hapo ndipo hatari ilipo. Malighafi yake ni unga laini wa plastiki aina ya PVC uliochanganywa na mafuta maalumu ya kulainisha. Ukiwa baridi, mchanganyiko huo ni mweupe kama maziwa. Ukipashwa moto hadi kufikia nyuzi joto 175 hivi, unakuwa mzito na unang'aa, na ukipoa unabaki laini daima. Nyuzi 175 ni joto linalopita sana lile la maji yanayochemka, na mbabula ya makaa haina kipimo. Moto ukizidi, mchanganyiko unageuka manjano, kisha kahawia, na unatoa moshi wenye asidi ya hidrokloriki. Moshi huo unachoma macho, pua na mapafu. Tone moja la maji likiingia ndani ya sufuria, plastiki hiyo ya moto inaruka na kung'ang'ania ngozi. Na yale mafuta ya kulainisha, baadhi yake yamebanwa na sheria za Umoja wa Ulaya zisitiwe kwenye vifaa vya kuchezea watoto, kwa sababu ya madhara yake mwilini. Wanaofanya kazi hii kwa usahihi wanavaa kinga ya pua na mdomo, miwani na glavu, wanafanyia mahali penye hewa, wanatumia kipimajoto, na vyombo vyao havirudi kamwe kupikia chakula.

Hapa kwetu unga huo hauuzwi sokoni. Ndiyo maana mtu anapata wazo la kuyeyusha kile anachokiona: bidoni lililopasuka, kandambili zilizokatika, mifuko myeusi, chupa za maji. Ndugu zangu, wazo hilo liacheni. Sababu ya kwanza ni kwamba halifanyi kazi. Plastiki si aina moja. Bidoni na mifuko ni plastiki ambayo ikiyeyuka na kupoa inarudi kuwa ngumu, haina ule ulegevu wa kumdanganya samaki. Chupa ya maji ni aina nyingine, nayo inakauka na kupasuka. Kandambili nyingine zimetengenezwa kwa povu, nyingine kwa PVC yenyewe, na ukizichoma hujui unachovuta puani. Sababu ya pili mnaijua bila mimi kuisema: moshi huo unaingia kwa watoto, kwa bibi aliyelala chumba cha pili, na kwa jirani. Hakuna samaki wa thamani hiyo.

Basi tufanye nini? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na samaki naye habembelezwi na ndoano tupu. Kwanza tuulize: ni samaki gani tunayemtafuta? Wengi wanakosea hapa. Ngege, yule tunayempenda kwenye sahani, chakula chake kikubwa ni mimea midogo sana inayoelea majini. Ngege hafukuzi kitu kinachokimbia, na ukimpitishia mkia wa mpira mchana kutwa, atakupisha tu. Chambo kinachocheza ni cha samaki wawindaji. Katika Ziwa Edward kuna kambare, kuna yule ndugu yake anayeitwa Bagrus na wataalamu, na mitoni kuna wale samaki wakubwa wenye magamba na ndevu fupi wanaopenda maji ya kasi. Sangara, ambaye wengi tunamwita kapitene, Ziwa Edward hayumo. Yumo Ziwa Albert, kule Ituri, kwenye ziwa linalopokea maji ya Semliki. Maporomoko ya Semliki, ambapo mto unashuka kwa karibu mita 300 kati ya ziwa moja na lingine, yamemzuia kupanda. Ndugu wa Kasenyi na Tchomia, kwenu chambo hiki kina kazi zaidi kuliko kwetu, maana sangara anashambulia kinachokimbia.

Sasa njoo tutengeneze. Butembo na Beni ni miji ya pikipiki, na kila karakana ya pembeni mwa barabara ina lundo la tyubu zilizotobokatoboka ambazo fundi anazitupa au anakupa kwa franka chache. Chukua tyubu iliyo laini, ile ambayo ukiivuta inanyumbuka na kurudi. Ioshe kwa sabuni na majivu, ndani na nje, mpaka ule unga mweupe wa ndani utoke na harufu ya petroli ipungue. Ianike kivulini. Kisha kata kipande chenye urefu wa kidole cha kati. Upande wa kichwa uache na upana wa kidole. Kuanzia katikati punguza taratibu kwa mkasi mpaka mkia ubaki mwembamba, na ncha yake uipasue katikati iwe na ndimi mbili.

Ndoano inaingia hivi. Chomeka ncha yake kwenye kichwa, katikati kabisa ya upana, ipitishe ndani ya mpira, uitokeze mgongoni mahali mpira unapoanza kupungua. Ikikaa upande, chambo kitazungukazunguka majini na kuupindapinda mshipi wako. Mbele ya ndoano funga uzito mdogo. Kisha jaza maji beseni kubwa, au nenda kwenye bwawa la samaki la jirani kwa ruhusa yake, uvute mshipi polepole. Angalia mkia. Ukitikisika kulia na kushoto, umefaulu. Ukibaki umenyooka, mpira bado ni mnene: chukua wembe, ukae chini, uparue upande wa ndani wa mkia kidogo kidogo, ujaribu tena. Kazi hii inadai uvumilivu wa macho na vidole. Kijana anayeifanya kwa makini anajifunza namna maji yanavyosukuma kitu, na elimu hiyo haina ada.

Kitu kimoja zaidi kwa wale wanaotafuta kambare. Kambare ana ndevu, na kwa ndevu hizo anaonja maji. Mara nyingi anatembea usiku au kwenye maji ya tope, macho yake hayamsaidii sana. Mpira unaonuka gereji atauacha. Baada ya kuuosha, upake mnyoo uliopondwa au damu ya samaki, urudie kila baada ya muda.

Ipo njia ya pili, kwa wanaotaka ule ulaini wa kumimina kwenye kalibu. Tumia jelatini, ile inayotokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe, pamoja na glicerini inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Loweka jelatini kwenye maji baridi mpaka ivimbe. Weka sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, uyeyushe polepole, uongeze glicerini, ukoroge. Usiiache ichemke, maana ikichemka inapoteza nguvu ya kuganda. Kalibu unaweza kuichonga kwenye ubao au kuifinyanga kwa udongo ukauchoma, kisha ukaipaka mafuta ya mawese kidogo ili chambo kisigande humo. Glicerini inazuia chambo kisikauke. Ukitaka kiwe kigumu zaidi, kilowekwe kwenye chai nzito isiyo na sukari. Majani ya chai, kama yale ya Butuhe hapa jirani, yana dawa ileile ya asili inayokaza ngozi za wanyama, nayo inaikaza jelatini. Sitawaficha: chambo hiki hakidumu kama plastiki. Maji ya ziwa letu ni ya uvuguvugu, na baada ya muda chambo kitalegea kiishe. Lakini hakina moshi wa sumu. Na kikikatika kikabaki majini, kinayeyuka na kuwa chakula cha viumbe.

Hilo la kukatika lina uzito wake. Plastiki laini inayobaki majini haiozi. Samaki anaimeza, inavimba tumboni, haitoki. Mwaka 2013 jimbo la Maine huko Marekani lilijadili mswada wa kupiga marufuku vyambo hivyo kwa sababu hiyohiyo. Nasi hapa Kongo, serikali ilitoa amri mwezi Desemba 2017 ya kukataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki. Mnaona wenyewe mitaro ya miji yetu na mto Kimemi pale Butembo: amri ipo kwenye karatasi na mifuko ipo majini. Tusiongeze takataka nyingine kwa mikono yetu. Hata mpira wa tyubu hauozi haraka. Kwa hiyo usitumie mshipi mchovu, na kila kipande kilichochakaa rudi nacho nyumbani.

Sasa niseme juu ya ule uzito wa mbele ya ndoano, na hapa nazungumza na akina baba. Wengine wanavunja betri kuukuu za gari, wanatoa risasi, wanaiyeyusha nyuma ya nyumba. Hilo ni hatari kubwa kuliko yote niliyotaja leo. Vumbi na moshi wa risasi vinaingia damuni, na kwa mtoto vinaharibu ubongo unaokua. Mtoto huyo hataumwa siku hiyo, lakini miaka ikipita atashindwa kushika masomo, na wewe hutajua kwa nini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wala hakuna haja ya risasi. Nati au buloni kuukuu ya pikipiki inatosha kabisa. Jiwe dogo lenye kiuno linatosha. Udongo uliochomwa na kutobolewa katikati unatosha. Hivyo vyote havimdhuru mtu.

Wasikilizaji, huenda mama mmoja anajiuliza: haya yote yananihusu nini mimi ninayetaka samaki wa kupikia watoto? Yanakuhusu. Ziwa Edward limechoka. Sehemu yake kubwa iko upande wetu, ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na uvuvi unaruhusiwa katika vituo vinavyojulikana: Kyavinyonge, Vitshumbi na Nyakakoma. Zamani maji yale yalirutubishwa na kinyesi cha viboko. Miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 25,000, na katikati ya miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,000. Juu ya hilo, vita vimewasukuma watu wengi kandokando ya ziwa, mashamba ya Beni yameachwa kwa hofu ya mapanga na bunduki, na anayekosa shamba anatafuta wavu. Nyavu za matundu madogo zinazoa hadi watoto wa samaki, na chandarua cha kuzuia malaria kinaburutwa kwenye mazalio. Samaki anayevuliwa kabla hajazaa hata mara moja ndiye anayelifanya fungu la sokoni lipungue na bei ipande.

Chambo kinaingia hapo. Mvuvi wa ndoano anahitaji chambo kila siku, na mara nyingi chambo hicho ni samaki wadogo. Kando ya Ziwa Viktoria, Uganda na Kenya, mahitaji hayo ni makubwa kiasi kwamba kuna wafugaji wanaozalisha vifaranga vya kambare mabwawani ili wawauzie wavuvi wa sangara. Wenye mabwawa kwenye mabonde ya Butembo na Lubero, hilo ni jambo la kufikiria. Na kijana anayevua kwa mshipi wa mkono, akitumia kipande cha mpira siku nzima, amewaacha majini samaki wadogo ambao angewachomeka kwenye ndoano.

Lakini nisiwauzie ndoto. Chambo cha mpira kinahitaji kuvutwa, nyuma ya mtumbwi unaokwenda au kwa mkono kutoka ukingoni. Kamba ndefu yenye ndoano nyingi iliyolazwa usiku mzima itaendelea kuhitaji chambo chenye harufu na nyama. Wala chambo bandia si kibali. Mazalio yaliyofungwa yamefungwa kwa kila mtu, mwenye wavu na mwenye ndoano. Na mpaka wa majini na Uganda haubadiliki kwa sababu chambo chako ni kizuri. Familia ngapi za Kyavinyonge zinajua uchungu wa kukamatwa kwa baba ng'ambo ya mpaka huo.

Nikiyajumlisha haya, naona kazi kwa kila mmoja wetu. Fundi wa pikipiki, usichome tyubu kuukuu. Ziweke kando, uwape vijana. Walimu wa shule zetu za ufundi, hapa mna somo zima: joto, uzito, mwendo wa maji, aina za plastiki na sumu zake, na historia ya Katanda, yote katika kipande cha mpira cha urefu wa kidole. Viongozi wa kamati za wavuvi, waiteni vijana mara moja kwa mwezi, muwaoneshe mazalio yako wapi na kwa nini hayaguswi, kisha mjaribu vyambo pamoja ili kila mtu ajue kipi kinashika nini. Mzazi, ukiona mtoto anayeyusha plastiki au risasi kwenye mbabula, usimchape: mnyang'anye sufuria, umpe mkasi na kipande cha tyubu, ukae naye umwoneshe mahali pa kuanzia kukata.

Anayetaka kuanza kesho, mahitaji yake ni haya: tyubu, mkasi, wembe, ndoano, buloni na mshipi. Vingi vya hivyo mnavyo nyumbani tayari.